Tangi la Sebuleni kwa Masista

Novisiati, Sumbawanga
10 Machi 2024

Mpendwa Mjomba Felisian,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini huko Kasanga hamjambo, na ule mguu wako umekubali kukanyaga. Mimi mzima, na wanovisi wenzangu wazima. Mvua hainyamazi, matope yanaingia na viatu vya wageni mpaka ndani. Baba ameniandikia kwamba vitenge vya sare vimeshakatwa, na kwaya ya kigango imeanza kujifunza nyimbo za siku ya nadhiri zangu za usista, tarehe 15 Agosti. Sijamjibu. Ukimwona mwambie barua nimeipata.

Usishangae kuandikiwa barua zama hizi. Wanovisi hatushiki simu. Barua tunazipeleka zikiwa wazi kwa Sista Hellena, mlezi wetu, anazisoma kisha anazifunga mwenyewe. Zinazoingia hali kadhalika. Nakuambia ili ujue.

Sasa shida yangu. Mfadhili mmoja alitupa tangi la kioo la samaki, na pampu yake ya hewa na sponji ya kuchujia na kifaa cha kupasha maji moto, tuliweke sebuleni wageni wapumzishe macho. Samaki ni wa kwenu ziwani, wale wadogo wa mistari. Sista Hellena akauliza nani ana ndugu wa ziwani. Mimi huyo, mkono juu! Tangu siku hiyo tangi ni langu.

Mwanzoni maji yalikuwa safi. Kisha yakageuka meupe, utadhani ya kuoshea mchele, na sasa yananuka. Mgeni wa juzi aliomba akae barazani, na baridi yote hii. Kila Jumamosi, siku ya usafi, namwaga maji yote, nasugua kokoto na vioo kwa sabuni na Jiki, sponji naifua mpaka iwe kama ya dukani, najaza maji ya bomba. Jumapili yanang'aa. Jumanne maziwa tena. Samaki wanne wamekufa na waliobaki wanakaa juujuu wakitweta. Kila anayepita, "Emerensiana, samaki wako vipi?" Nimechoka, mjomba. Nakosea wapi?

Na swali jingine dogo. Kile chumba cha nyuma unachowekea nyavu, bado kipo?

Mpwa wako,
Emerensiana


Kasanga
2 Aprili 2024

Mpwa wangu Emerensiana, na wewe Sista Hellena unayesoma kabla yake,

Milele amina, na heri ya Pasaka kwenu nyote wawili. Sista, pole kwa mwandiko huu. Mahali nitakapokosa adabu niwie radhi, mimi nimelelewa na mitumbwi.

Barua ilichelewa kwa sababu konda wa basi la huku aliisahau kwenye koti lake, na lile koti analivaa mvua ikinyesha tu, na barabara ikikatika haendi popote. Nimeipata Ijumaa Kuu ikinuka vitunguu. Mguu unakubali kwenda ziwani, kanisani bado unagoma. Dada yangu, mama yako, alishuka huku wiki ya Matawi kuchukua dagaa, akalala siku mbili. Hajambo. Baba yako ameshachagua ng'ombe wa sherehe, yule mwekundu, na amepiga marufuku asilime, asipigwe, asichanganywe na wenzake. Ng'ombe naye ameingia unovisi.

Haya, maji. We mtoto, Jiki! Jiki kwa samaki! Mimi niliwahi kuwashikia watu wanaonunua samaki wa mapambo, na matangi mapya yalitutesa hivyo hivyo, tukaua wengi kabla hatujaelewa. Samaki anakula na kunya ndani ya nyumba ileile, na ule uchafu ni sumu kwake. Kuna vijidudu visivyoonekana, vinakaa kwenye kokoto na kwenye sponji, kazi yao ni kuila hiyo sumu. Vinachukua wiki nyingi kuzaliana. Wewe kila Jumamosi unavichinja vyote, halafu unashangaa nyumba inanuka.

Kwa hiyo usimwage yote. Toa ndoo moja, rudisha ndoo moja ya maji yaliyolala wazi ili dawa ya bomba itoke. Sponji usiifue, isuuze kwenye hayo maji uliyoyatoa, basi. Sabuni hapana. Chakula kidogo tu. Huo weupe utakaa kidogo kisha utaondoka wenyewe. Tatizo la tangi lako, binti yangu, ni usafi.

Chumba cha nyavu kipo. Kimejaa nyavu.

Mjomba wako,
Felisian


Novisiati, Sumbawanga
28 Aprili 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huku tunashukuru Mungu, mvua imeanza kupungua na mahindi ya bustani yetu yamekauka vizuri. Sista Hellena alicheka alipofika kwa ng'ombe. Nilimsikia nikiwa koridoni. Kisha akanipa barua yako na uso mkavu kabisa.

Niliomba ruhusa nisisugue tangi Jumamosi. Akasema sebule ni uso wa nyumba, isugue. Nikatii, na Jumatatu tukazika samaki mwingine chini ya waridi. Jumamosi iliyofuata sikuomba ruhusa. Nilitoa ndoo moja, nikarudisha moja, nikaondoka. Akaja akashika jiwe, akaona lina utelezi, akaniuliza nimetii au sikutii. Nikasema sikutii. Nilijua nimekwisha. Akawaangalia samaki, akasema, "Jaribu mpaka mwisho wa Juni."

Kwa hiyo najaribu. Samaki hawajafa tena, lakini weupe haujaondoka, na harufu imebadilika. Zamani ilikuwa ya kuoza, sasa ni ya uchachu, kama uji uliosahauliwa sufuriani. Na chakula naweka chembe tu, asubuhi. Sielewi.

Fundi amekuja kunipima kanzu ya nadhiri. Alipozungusha utepe kiunoni nilibana pumzi mpaka akaniambia, "Pumua, binti, sikufungi."

Mjomba, mama hajawahi kulala kwako siku mbili kwa ajili ya dagaa. Alisema nini?

Emerensiana


Kasanga
20 Mei 2024

Mpwa wangu, na Sista Hellena,

Mwezi wa Mama Maria uwe mwema kwenu. Sista, nimefurahi kusikia ulicheka, sikujua kama inaruhusiwa. Hapa samaki wa migebuka ni wengi mpaka paka wanachagua. Baba yako amenitumia ujumbe mara tatu kwamba samaki wa sherehe wote watoke kwangu, na kwamba nitasimamia viti. Kijiji kizima kinakuja Sumbawanga kwa malori mawili. Wewe ndiwe sista wa kwanza kutoka kigango chenu, anasema, na anasema hivyo hata kwa watu waliosimama kuuliza njia.

Uchachu si wa samaki. Samaki akioza ananuka kuoza, hilo niachie mimi. Uchachu ni unga. Kuna mtu anatia unga kwenye maji yako. Ingiza kidole chini ya kokoto. Ukikuta ute mweupe unaovutika, basi hao samaki wanalishwa na mwingine. Chunguza nani hapo anashinda na unga.

Mama yako hakusema kitu. Unamjua. Alikaa mlangoni pa kile chumba akichambua dagaa, akainua macho, akaniuliza kama paa linavuja. Nikamwambia linavuja. Akaendelea kuchambua.

Usiniulize zaidi, binti yangu. Baba yako ni shemeji yangu na dada yangu anaishi ndani ya nyumba yake.

Felisian


Novisiati, Sumbawanga
16 Juni 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Baridi ya huku imeanza, upepo unapita chini ya mlango na sote tunakohoa kanisani kwa zamu. Chakula kipo, afya ipo.

Ute nimeukuta. Mweupe, unavutika, umeziba hata matundu ya sponji. Nikaanza kuchunguza.

Unajua hapa tunaoka hostia, ile mikate ya Komunyo, kwa parokia nyingi. Tukishakata miduara, kingo zinabaki, vipande vyembamba vya unga na maji tu, havijabarikiwa. Tunaruhusiwa kuvila. Basi, siku moja wakati wa mapumziko ya mchana nilikuwa chumba cha jirani nanyoosha vitambaa vya altare, mlango uko wazi kidogo. Akaja Lydia, mwenzangu wa kutoka Kasesya. Akatoa vipande mfukoni mwa aproni, akavivunjavunja, akavitia majini. Kisha akainama, pua kwenye kioo, akaanza kuongea na samaki. Taratibu, kama mtu anayeongea na mdogo wake. Akaondoka. Akaja mwingine, naye na vipande vyake. Akaja mwingine. Mjomba, nyumba nzima! Kila mmoja anadhani yuko peke yake, kila mmoja anaona huruma kwamba samaki wanapewa chembe moja tu. Nilitaka kucheka, nikajikuta nimekaa chini na pasi mkononi, nalia.

Waliyowaambia samaki niliyasikia. Sitayaandika.

Wa mwisho alikuwa na vipande vingi kuliko wote, na alisimama muda mrefu kuliko wote. Sista Hellena, unaposoma hapa, nisamehe. Sikukusudia kuchungulia. Na uliyosema pale sitayaandika pia.

Mimi peke yangu ndiye sijawaambia samaki kitu. Naogopa nikianza sitanyamaza.

Nifanyeje, mjomba? Simaanishi samaki tu.

Emerensiana


Kasanga
25 Juni 2024

Mpwa wangu, na Sista Hellena,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Hostia! Katika ziwa lote hili hakuna samaki aliyewahi kulishwa hivyo. Sista, usione haya, hata mimi naongea na injini ya boti, na yenyewe hainijibu vizuri.

Dawa ni hii. Usiwakataze, watajificha tu. Weka bakuli pembeni ya tangi, kila mtu aweke kipande chake humo, na jioni bakuli liende kwa kuku. Kusimama na kuongea wasimame na kuongea wapendavyo, maneno hayachafui maji. Kokoto zisafishe nusu kwanza, baada ya wiki mbili nusu nyingine, ule ute utoke pole pole. Utaona.

Huku hatujambo. Malori yamepatikana, viti vimepatikana. Ng'ombe amenenepa hata kuinuka anasaidiwa.

Emerensiana, nimekaa na karatasi hii siku nyingi. Nakuambia kama mzazi. Nadhiri za kwanza ni za muda tu. Zikiisha unaweza usizirudie, kimya kimya, watu wakiwa wameshasahau. Mwaka si mrefu. Vumilia, baba yako apate siku yake. Sina la kuongeza.

Felisian


Novisiati, Sumbawanga
14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Maji yametakata. Bakuli limefanya kazi, kuku wamefurahi, harufu imekwisha. Sasa kila mgeni anakaa sebuleni na kusema jamani, samaki wazuri, na mimi nasimama pale na shela yangu nyeupe nikitabasamu.

Nilikuuliza kama chumba kipo, ukaniambia kimejaa nyavu. Nilikuuliza mama alisema nini, ukaniambia usiniulize. Hukuniuliza hata mara moja kama nataka. Halafu bila kuuliza unanijibu nivumilie mwaka. Kwa hiyo ulijua! Ulijua tangu Machi, ukaendelea kuniandikia habari za sponji.

Mwaka kwako si mrefu kwa sababu si wako. Nikisimama altareni nikamwambia Mungu ndiyo huku moyoni nasema hapana, nitakuwa nimemdanganya nani? Baba? Kila usiku nahesabu watu wanaonisubiri: baba, kwaya, malori, hata ng'ombe. Sioni pa kupita. Nimenaswa, mjomba, na walioninasa wote wananipenda. Hilo ndilo linalonimaliza.

Sista Hellena, soma vizuri hapa. Sitaki kuweka nadhiri. Si kwamba nyumba hii ni mbaya, wala hujanikosea. Siitwi huku. Niliitwa na baba. Nimekuja mlangoni kwako mara nyingi kukuambia, nikaishia kuuliza habari za ndoo. Nimeshindwa kukutazama, ndiyo maana nakuambia kwa mgongo wa mjomba wangu.

Mjomba, naomba kile chumba. Ndiyo au hapana.

Emerensiana

17 Julai. Naongeza. Sista Hellena amenirudishia barua hii ikiwa wazi. Amenikalisha kwake, mlango ukafungwa. Nilidhani atanifokea. Akasema mlango wa nyumba hii unafunguliwa kutoka ndani, jana na leo na hata asubuhi ya tarehe 15, na kwamba amekuwa akingoja niseme, kwa sababu yeye hawezi kunisemea. Nikauliza mbona hukuniuliza. Akasema, "Ningekuuliza, ungenitii." Kisha akasema, "Lakini sitakutoa ukasimame stendi. Nani anakupokea?" Amesema atampigia baba simu yeye mwenyewe, na kwamba mimi ningoje neno lako.


Kasanga
4 Agosti 2024

Emerensiana,

Ndiyo.

Nilitaka niandike neno hilo tu nitume siku ileile, lakini nikaona ni aibu kulitumia konda kabla sijalisema mbele ya baba yako. Kwa hiyo nilipanda huko kijijini. Nilimkuta uwanjani anafundisha kwaya wimbo wa maandamano. Nikasema moyoni afadhali hajui, nimweleze pole pole. Kumbe anajua! Sista Hellena alishampigia siku tisa kabla. Siku tisa, na mtu anasimama kila jioni kuwafundisha watu kuimba. Aliponiona akawaambia warudie ubeti wa pili, akanivuta nyuma ya ghala la ulezi.

Nitakuandikia alivyosema, usije ukasikia kwa wengine yakiwa yameongezwa. Alisema ametangaza mbele ya altare, na sasa uso wake ataupeleka wapi. Akasema usikanyage kwake. Nikamwambia basi atakanyaga kwangu. Akasema na mimi nisikanyage. Alikuwa anatetemeka, binti yangu, na sikuona kama ni hasira tu. Mimi nilikuwa namwogopa shemeji yangu miaka yote, na namwogopa hata sasa ninapoandika. Lakini nimesema, na halirudi.

Sitakudanganya kwamba atalainika. Anaweza asilainike. Watu watasema, na mimi na wewe tutayasikia. Kama hilo ni gumu kuliko kubaki, bado una siku za kuamua, na sitakulaumu.

Nyavu nimezitoa, ziko nje chini ya turubai. Bati nimeziba. Jumamosi tarehe 10 nitakuwa stendi ya Sumbawanga tangu asubuhi, mbele ya basi la Kasanga. Sista Hellena, mlete wewe mwenyewe nikushike mkono, tafadhali.

Mama yako wakati wote huo alikuwa jikoni. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akipaza sauti kwamba mwaka huu dagaa wangu wana mchanga, ili wa nyumbani wasikie. Tulipofika barabarani akanipa furushi, akageuka akarudi.

Nililifungua kwenye gari. Ni magauni yako mawili, la bluu na la maua, yale uliyoyaacha siku ya kuingia huko. Nakutumia pamoja na barua hii, maana huwezi kutoka na kanzu ya nyumba. Yamepigwa pasi. Ameyafumua ubavuni akaongeza kitambaa, kwa sababu ulipoondoka ulikuwa mtoto na sasa ni mwanamke. Nikauangalia ule mshono nikidhani ni wa juzi, wa baada ya simu ya Sista. Sio. Uzi umepauka. Tangu ashone, ameyafua na kuyaanika mara nyingi, magauni ambayo hakuna mtu anayeyavaa.

Mjomba wako,
Felisian